Mali Bila Daftari: Orodha ya Majukumu Katika Kompyuta ya Zahanati

Mang'ola iko bondeni, kando ya Ziwa Eyasi, katika Wilaya ya Karatu. Maji ya chemchemi huteremka kwa mifereji hadi kwenye mashamba ya vitunguu, na vitunguu huwaita watu. Wairaqw hulima, Wadatoga hupita na mifugo yao, Wahadzabe huishi porini kwa uwindaji, asali na matunda, na vibarua huja kutoka mikoa mingine wakati wa kupandikiza miche na wakati wa kuvuna. Kwa mtumishi wa afya, uhai huo wa eneo una maana moja nzito: watu anaowahudumia hawakai mahali pamoja. Kibarua aliyeanza dawa za kifua kikuu miche ikiwa michanga anaweza kuwa mkoa mwingine kabla makohozi yake hayajapimwa tena.

Majukumu ya zahanati ya kijijini ni mengi kuliko watumishi wake. Jotoridi la friji ya chanjo linapaswa kusomwa asubuhi na jioni, nalo libaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ripoti za MTUHA zinasubiriwa wilayani kila mwezi. Maombi ya dawa yanapaswa kwenda kwa wakati ili rafu zisibaki tupu. Mtoto aliyezaliwa juzi atahitaji chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha ya surua akifikisha miezi 9 na tena miezi 18. Hakuna jukumu hata moja kati ya haya lililo gumu kulielewa. Ugumu ni kuyakumbuka yote, siku ambayo mama mjamzito amefika usiku wa manane na foleni ya asubuhi imefika getini.

Orodha huokoa maisha, ikisomwa

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Historia ya afya ya umma nchini Tanzania ni ushahidi wa methali hiyo. Mpango wa Taifa wa kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulipoanza mwaka 1977, ukishauriwa na Dkt. Karel Styblo, nguvu yake haikuwa dawa peke yake. Ilikuwa pia katika rejista: kila mgonjwa aliandikwa, tarehe za vipimo vyake zikafuatwa, na mwisho wa matibabu matokeo yake yakajazwa. Aliyepotea alionekana kuwa amepotea, kwa sababu nafasi yake katika mstari ilibaki wazi. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu uliotokana na kazi hiyo na kuupendekeza kwa mataifa mengine.

Ushahidi mwingine unatoka katika chumba cha upasuaji. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19, ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, Ifakara ikiwa mmojawapo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Miaka mitano baadaye, utafiti uliofanywa katika hospitali za jimbo la Ontario, Kanada, haukuona nafuu ya namna hiyo. Tofauti hiyo imejadiliwa sana, na wengi wameona funzo ndani yake: karatasi iliyojazwa kwa sababu imeagizwa haina nguvu ya karatasi iliyosomwa kwa sauti na watu wanaosikilizana.

Rejista za serikali zinamfuata mgonjwa. Lakini majukumu ya mtumishi mwenyewe, yaani nani apigiwe simu leo, kifaa gani kipelekwe kwa fundi, mradi wa choo cha zahanati umefikia wapi, mara nyingi huandikwa kwenye kiganja, nyuma ya boksi la dawa, au hayaandikwi kabisa.

Programu iliyopita Uganda

Njia mojawapo rahisi ya kuyatunza majukumu hayo ni faili la matini tupu: maandishi yasiyo na rangi, majedwali wala mapambo, yanayofunguka katika kompyuta yoyote, mpya kwa kuukuu. Faili hilo huandikwa kwa kihariri cha matini, na baadhi ya vihariri huendeshwa kwa kibodi peke yake, bila kipanya. Kinachojulikana sana kati ya hivyo ni Vim.

Asili yake ni kihariri kiitwacho vi, kilichoandikwa na Bill Joy huko California mwaka 1976, zama ambazo mawasiliano ya kompyuta yalikwenda polepole mno na kila herufi ilikuwa na gharama. Ndiyo maana amri zake ni fupi sana. Mwaka 1991 Mholanzi Bram Moolenaar alitoa Vim, iliyoboresha kihariri hicho. Mwaka 1994 alijitolea kwa mwaka mzima katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Kibaale ilikuwa katika wilaya ya Rakai, mojawapo ya maeneo ya mwanzo kabisa kuumizwa na UKIMWI Afrika Mashariki. Ng'ambo ya mpaka, mkoani Kagera, wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983. Moolenaar aliwakuta watoto waliofiwa na wazazi, akaamua kuwa anayeridhika na programu yake aombwe kuwachangia watoto hao. Kwa miaka mingi, waliofungua Vim bila faili, popote duniani, walikutana mara kwa mara na wito wa kuwasaidia watoto wa Uganda. Moolenaar alifariki Agosti 2023. Programu inaendelezwa na watu wanaojitolea.

Mstari mmoja, jukumu moja

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Kila jukumu hupewa mstari mmoja. Mstari huanza na tarehe, mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku. Mwishoni huongezwa alama inayoonyesha jukumu litafanyikia wapi au kwa njia gani:

2025-04-10 Huduma ya mkoba: andaa vibebeo vya chanjo na barafu @zahanati
2025-04-03 Ripoti ya MTUHA ya Machi @wilaya
2025-04-08 Rejista ya TB namba 14: makohozi ya mwezi wa pili @simu
2025-04-09 Betri ya sola: kumtafuta fundi @simu

Vim ina hali mbili kuu. Katika hali ya amri, herufi ni maagizo. Katika hali ya kuandika, herufi ni maandishi. Kubonyeza i humwingiza mtu katika kuandika, na kitufe cha Esc humrudisha kwenye amri. Hapo dd hufuta mstari mzima, na :w huhifadhi faili. Amri ya :sort huipanga mistari yote, na kwa kuwa kila mmoja umeanza na mwaka, mpangilio wa herufi unakuwa mpangilio wa siku: la karibu hupanda juu. Amri ya :g/@simu/ huonyesha mistari yenye alama hiyo pekee, ili mtumishi aliyepata mtandao wa simu kwa nusu saa apige simu zote kwa pamoja. Jukumu likikamilika, huwekwa x mwanzoni mwa mstari. Orodha ikipangwa tena, mistari yenye x hushuka chini yenyewe, ikabaki kama kumbukumbu ya yaliyotendwa.

Katika mfano uliotolewa, mstari wa namba 14 ndio wenye uzito kuliko yote. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6, na kipimo cha makohozi mwishoni mwa mwezi wa pili huonyesha kama dawa zinafanya kazi. Mgonjwa huhisi nafuu mapema, homa huondoka, nguvu za jembe hurudi, naye huona hana haja ya kurudi. Simu ya siku moja kabla hajaondoka Mang'ola inaweza kumpatia barua ya rufaa kwenda kituo kilicho karibu na kwake. Simu ya wiki mbili baadaye huenda isipokelewe. Anayeacha dawa katikati hujiweka katika hatari ya kuugua tena, ya vimelea kuwa sugu, na ya kuwaambukiza anaoishi nao.

Umeme ukikatika

Faili la matini halihitaji intaneti. Linaweza kunakiliwa kwenye flashi na kupelekwa Karatu, au kuchapishwa kwenye karatasi moja na kubandikwa ukutani. Umeme unapokatika ghafla, Vim haipotezi kila kitu: huwa inatunza faili la akiba, ikilijaza kila baada ya herufi 200 au sekunde 4 za kutulia. Faili linapofunguliwa tena, programu hutoa taarifa, na kubonyeza R hurudisha maandishi yaliyokuwa hayajahifadhiwa.

Si kila mtu ataipenda. Siku za kwanza vidole hukosea na mwanafunzi hujikuta akifuta alichotaka kuandika. Asiye na muda wa kujifunza anaweza kutumia kihariri chochote kilichomo katika kompyuta yake, mistari ikabaki ile ile. Faida ya matini tupu ni hiyo: kazi haifungwi na programu.

Siri ya mgonjwa

Orodha ya majukumu si rejista ya wagonjwa wala haichukui nafasi yake. Jina la mgonjwa, ugonjwa wake na namba yake ya simu visiandikwe humo. Namba ya rejista inatosha, na rejista ibaki kabatini chini ya ufunguo. Neno linalotaja ugonjwa, kama katika mfano wetu, lisiambatane kamwe na jina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kompyuta iwe na nywila, na flashi isiachwe mezani.

Kwa mgonjwa na familia yake

Asiye na kompyuta hana sababu ya kuukosa utaratibu huu. Daftari la shule linatosha. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au kifua kikuu aandike mstari mmoja kwa kila miadi: tarehe, mahali, na kitu cha kubeba. Aweke mstari mwingine siku tatu kabla dawa hazijaisha. Asiyejua kusoma amkabidhi daftari mtoto wa shule au jirani anayemwamini, na amwombe ausome mstari wa juu kila Jumapili. Anayepanga kuhama kufuata kazi aandike pia jambo hili: kumwaga mtoa huduma na kuchukua barua ya rufaa.

Pa kuanzia

Orodha ndefu isiyopitiwa ni mzigo mwingine tu. Mtumishi aanze na majukumu kumi, yenye tarehe za kweli. Kila asubuhi, baada ya kusoma jotoridi la friji, asome mistari mitano ya juu. Kila Ijumaa aipitie yote: iliyokwisha ipate x, iliyochelewa ipewe tarehe mpya au mtu mwingine wa kuifanya, na isiyo na maana ifutwe bila huruma. Akienda likizo, anayemshikia nafasi akabidhiwe faili pamoja na ufunguo wa kabati, ili mgonjwa wa namba 14 apigiwe simu siku ile ile iliyoandikwa.