Taa Zinawaka, Gari Limekataa

Mvua ya alasiri imekatika Kakamega, soko linachangamka upya, na mwenye Probox anarudi kwenye gari lake. Anazungusha ufunguo. Taa za dashibodi zinawaka, redio inazungumza, lakini chini ya boneti unasikika mlio mmoja tu, tak, kisha kimya. Waliosimama karibu wanamwambia betri imekufa. Mwingine anabisha: ingekuwa imekufa, taa zingewakaje?

Wa kwanza wanaweza kuwa wamekosea, na taa za yule mwingine si ushahidi wa kutosha; sababu imo katika kanuni ya Ohm inayofundishwa shule ya upili. Taa ndogo na redio hutumia ampea chache, tuseme 5. Stata ya gari dogo hutaka 150 au zaidi inapoanza kuzungusha injini. Sasa chukulia kwamba kichwa cha betri kimeshika ukoga, na ukoga huo umeleta ukinzani wa omu 0.05 tu. Kwa ampea 5 zinapotea volti 0.25, tofauti ambayo jicho haliioni. Kwa ampea 150 zinapotea 7.5. Hesabu kamili ina mengi zaidi, kwa kuwa mkondo nao hupungua ukinzani unapoongezeka, lakini jibu halibadiliki: stata inapata volti chache mno kuweza kugeuza injini, ilhali betri yenyewe ni nzima.

Kakamega ukoga huo una kila nafasi ya kustawi. Mji hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya Nairobi. Betri inapochajiwa, mvuke wa asidi hupenya nje kidogo kidogo, ukakutana na risasi ya vichwa na shaba ya nyaya, na unyevu ukausaidia. Unaona unga mweupe, ambao ni salfeti ya risasi, na mwingine wa kijani-buluu, salfeti ya shaba. Dawa yake ni alkali, na jikoni za huku haikosekani: magadi, au musherekha, ile chumvi ya majivu inayolainisha mrenda. Yeyusha magadi katika maji ya vuguvugu, umwagie vichwani. Povu linaloumuka ni kaboni dioksidi ikitoka wakati asidi inavunjwa nguvu. Maji hayo yasiingie ndani ya betri, na mikono ivae glavu, maana unga ule una risasi. Waya wa hasi ufunguliwe kwanza. Bodi nzima ya gari imeungwa na hasi, kwa hiyo spana iliyoshika chanya ikigusa chuma chochote itapiga cheche ya kutisha.

Lakini kabla ya spana, sikiliza. Mlio wa tk-tk-tk wa haraka maana yake volti ni haba: swichi ya sumaku ya stata inajifunga, mkondo mkubwa unaanza kupita, volti zinaporomoka, sumaku inaachia, volti zinapanda, inajifunga tena. Tak moja nzito huelekeza kwenye viungo vya nyaya au stata yenyewe. Kaboni za stata zikiwa zimelika, kuigonga taratibu kwa mpini wa spana huzirudisha mahali pake kwa muda, na ndiyo maana ujanja huo wa mafundi hufanya kazi. Kukiwa kimya kabisa kwenye gari la otomatiki, jaribu kuwasha likiwa kwenye N badala ya P. Na injini ikizunguka kwa nguvu bila kushika, iache betri: tafuta mafuta, cheche za plagi, au ufunguo ambao chipu yake haitambuliwi na gari.

Vijana wa kusukuma huwa hawako mbali. Kwa gari la gia za mkono, gia ya pili na msukumo vitatosha. La otomatiki watalisukuma mpaka Lurambi bure. Kati ya magurudumu na injini kuna mafuta ya gia yanayopaswa kusukumwa na pampu, na pampu hiyo huendeshwa na injini ambayo imelala.

Wengi husingizia baridi ya asubuhi. Ulaya ni kweli, kwani kwenye nyuzi 0 betri hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Asubuhi za Kakamega hazifiki huko. Wala si kuwasha mara nyingi kunakoimaliza: ampea 150 kwa sekunde 3 ni sawa na ampea-saa 0.125 tu, ilhali taa ndogo za ampea 2 zikisahauliwa saa 10 za usiku hunyonya 20, karibu nusu ya betri ya ampea-saa 45.

Ningependa kila mwenye gari awe na mita ndogo ya umeme. Betri iliyojaa husoma volti 12.6, ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Kipimo ninachokithamini zaidi ni hiki: ncha moja ya mita iguse nguzo ya betri, nyingine iguse kibano cha waya kilichoshika nguzo hiyohiyo, kisha mtu azungushe ufunguo. Mita isome karibu na sufuri. Ikisoma volti nzima au zaidi, hitilafu iko hapo hapo, na hakuna betri mpya itakayoiondoa.

Kubadilisha betri ovyo si hasara ya mfuko peke yake. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza sumu hiyo katika makazi ya watu. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha Desemba 2024, baada ya Mahakama ya Rufani kuitengua.

Betri iliyochajiwa usiku kucha, nyaya zikiwa safi, na bado inashuka chini ya volti 9.6 stata ikizunguka, hiyo imekwisha kweli. Irudishwe nzima kwa muuzaji anayezikusanya, isipasuliwe nyuma ya nyumba wala asidi yake kumwagwa mtaroni.