“Mwalimu, Hii Itatahiniwa?”

Tangu niliposhika chaki kwa mara ya kwanza mwaka wa 1989, swali lililonichoma moyo zaidi halikutoka kwa mkaguzi wala kwa mzazi. Lilitoka kwa msichana wa darasa la saba aliyeketi dawati la mbele. Nilikuwa nikiwasomea hadithi, nao wametulia tuli kama maji ya mtungini, mara akainua mkono: “Mwalimu, hii itatahiniwa?” Nikamjibu kuwa la. Kwa adabu kabisa akafunga daftari, akatoa karatasi zake za marudio.

Sikuwa na haki ya kumlaumu. Mimi mwenyewe nilisoma shule ya msingi wakati wa mtihani wa CPE, ambao haukuwa na karatasi ya Kiswahili. Wa rika langu watanisadiki nikisema kwamba kipindi cha Kiswahili ndicho kilichotolewa sadaka kila hesabu zilipokawia. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, na KCPE ya kwanza ikafanywa mwaka huo huo, Kiswahili kikawa cha lazima. Ghafla vitabu vikanunuliwa, na walimu waliokidharau wakaanza kuulizana habari za ngeli. Kwa hivyo siwaungi mkono wanaodai mitihani ifutiliwe mbali. Hotuba zote za kuisifu lugha hii hazikuifaa kama ilivyoifaa karatasi moja ya mtihani. Isitoshe, wako watoto wa kimaskini walioingia shule za kitaifa wakiwa hawana mtu wa kuwatetea ila alama zao.

Lakini mkono uliotupa ndio uliotupokonya. Insha ya KCPE ilikuwa na alama 40 na muda wa dakika 40. Haukupita muda mrefu kabla hatujagundua kwamba mtoto aweza kukaririshwa insha kama akaririshwavyo orodha ya kuzidisha. Wakati mmoja nilisahihisha insha za darasa zima kuhusu siku ya soko, na karibu kila mtahiniwa alikuwa ameamka jogoo wakiwika, akatazama mbingu za samawati, kisha akamwaga methali nne kabla hajafika mlangoni. Soko lenyewe lilipata mistari mitatu. Waliofanya hivyo nilikuwa nimewafundisha mimi.

Kuna jambo jingine ambalo sijapata kulisema hadharani. Katikati ya miaka ya tisini, majina ya shule yakipangwa magazetini kutoka ya kwanza hadi ya mkia, tuliitwa mkutanoni katika shule niliyokuwamo. Tukapitia orodha ya darasa la saba na kuamua ni nani warudie darasa wasije wakashusha wastani wetu. Kulikuwa na mvulana mmoja dhaifu katika hesabu, lakini akisimulia kisa hata mwalimu wa darasa jirani husogea dirishani. Jina lake liliposomwa nilitazama meza. Shule zilipofunguliwa Januari hakurudi, na miaka michache baadaye nilimwona kituoni akiita abiria wa matatu, kwa ufasaha wake ule ule. Alinisalimu, “Shikamoo, mwalimu.” Niliitikia kwa shida.

Upangaji wa shule ulipigwa marufuku mwaka wa 2014, lakini hofu haikupigwa marufuku. Ilipofika 2016, karatasi za mtihani zikilindwa ndani ya makontena yenye kufuli, waliopata gredi ya A katika KCSE walikuwa 141 tu, ilhali mwaka uliotangulia walizidi 2,600. Sidhani watoto wetu walipumbaa kwa mwaka mmoja.

Sasa KCPE nayo imekwenda zake, ya mwisho ikifanywa mwaka wa 2023. Mtihani wa Gredi ya Sita ulioanza mwaka wa 2022 ulikuja na maswali ya kuchagua jibu, bila karatasi ya insha. Waliouasisi walitumaini kwamba uandishi ungetathminiwa na mwalimu darasani, mwaka mzima. Ni tumaini jema. Lakini mwalimu mwenye wanafunzi 70 atasoma insha ngapi kwa juma? Na ile miradi inayopelekwa nyumbani, ni nani asiyejua kwamba mara nyingi huchongwa na baba usiku wa manane? Mzazi naye, ukimwambia mwanawe “amefikisha matarajio”, hukukazia macho na kuuliza: “Hiyo ni alama ngapi?”

Ombi langu kwa watunga mitihani si kubwa. Insha irejeshwe Gredi ya Sita, fupi, kuhusu jambo ambalo mtoto ameliona kwa macho yake, na msahihishaji aruhusiwe kuipa sufuri mbingu ya samawati isiyohusika. Darasani mwangu sijaisubiri idhini hiyo. Kila Ijumaa, baada ya mapumziko, mwanafunzi mmoja husimama na kutusimulia kisa, nami sichukui kalamu.