Kabla ya kununua kadi ya picha, shika bisibisi

Kijana wa Ngao, huku delta ya Tana, akitaka kompyuta yake ya mezani icheze gemu au ihariri video za harusi bila kukwama, huanza kwa kuuliza bei ya kadi ya picha. Mimi ningeanza kwa kufungua kasha. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Kenya ni mitumba iliyotoka maofisini ng'ambo, na ofisini hazikuwa na kazi nzito. Chukua Dell OptiPlex 7010, ile nyembamba: pawa saplai yake ni ya wati 240, haina waya wa kulisha kadi, na kadi ya kimo cha kawaida haiingii.

Tundu refu la mazabodi linalopokea kadi hutoa wati 75 tu. Kadi yenye soketi yake ya stima inadai zaidi ya hapo, kwa hiyo achana nayo. GeForce GT 1030 hula wati 30 hivi, GTX 1050 Ti hula 75, na zote zina toleo fupi lenye kibati cha sentimita nane. Mhariri wa video asidanganywe na bei ya GT 1030: haina kile kitengo cha kusimba video haraka wakati wa kuitoa. 1050 Ti inacho.

Kufunga kwenyewe si kazi. Zima mashine, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ulio mwilini utoke. Unyevu wa delta huupunguza, lakini hauumalizi. Vumbi lipulizie nje, feni ukiwa umeizuia kwa kidole isizunguke. Ng'oa kibati cha nyuma, lenga tundu, sukuma kadi ncha zote mbili kwa nguvu sawa mpaka kilango cha plastiki kilie *ta!* Kaza skrubu.

Sasa hamisha waya wa skrini uutie kwenye kadi. Wengi huuacha pale pa zamani, wakiona giza wanasema kadi ni mbovu.

Draiva ya NVIDIA, yaani programu inayoendesha kadi hizi za GeForce, huzidi nusu gigabaiti, basi nunua bando la kutosha au ipakue mapema kwenye flashi. Na kwa joto la Garsen, kasha lisifungiwe ndani ya meza: feni itakuwa inavuta hewa ileile moto iliyoitema.