Lobelia, Ua la Kinamasi cha Ruwenzori

Wahenga walinena: akiba haiozi. Mkitaka kuona mmea uishio kwa neno hilo, utazameni lobelia wa Ruwenzori, mlima wa mpakani mwa Kongo na Uganda.

Atokaye Mutwanga kuupanda mlima hupita kwanza msitu mnene, kisha mianzi. Juu ya meta 3,000 huingia nchi ya ukungu na matope. Huko kinamasini huota mmea ambao wataalamu waliuita Lobelia bequaertii, kwa heshima ya Mbelgiji Joseph Bequaert, aliyekusanya mimea na wadudu wa Kongo.

Mmea huu huishi miaka mingi. Majani yake hujipanga duara mfano wa bakuli, na ndani yake hukaa maji. Usiku, baridi ikikaza, uso wa maji huganda. Ya chini hayagandi, na chipukizi lililo katikati husalimika. Tena, katika bakuli za lobelia wa jamii hii hukua mabuu ya wadudu wadogo. Hivyo akiba ya mmoja ni makao ya wengine.

Wakati ukifika, shina la maua husimama kama nguzo. Ndipo huja chozi wa milimani, mwenye mkia mrefu. Dume lake hung'aa kijani. Hunyonya utamu wa maua na kuwadaka wadudu, huku akichukua chavua toka ua hadi ua. Chozi hupata chakula, lobelia hupata mbegu.

Kinamasi nacho hulimbika mvua na kuiachilia polepole, nayo mito hushuka hata Semliki. Lakini mlima unabadilika. Luigi Amedeo wa Savoia alipofika kilele cha Margherita, mwaka 1906, barafu ilikuwa pana. Leo yamebaki mabaki tu. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, huulinda upande wa Kongo. Hata hivyo sheria pekee haizimi moto ulioachwa na mpita njia. Kinamasi kikiungua au kukauka, chozi hukosa chakula, na watu wa bondeni hupungukiwa maji.

Nanyi wanafunzi, msikiite kinamasi cha kwenu ardhi ya bure. Kabla ya kuchimba mfereji wa kukikausha, ulizeni kwanza: ni nani akaaye humo, na ni nani anywaye maji yake?