Je, Wajua? Mambo Tisa ya Shule za Masista, Kuanzia Kwa Sadala hadi Limuru

Wiki ya kufungua shule, kituo cha Kwa Sadala kwenye barabara kuu ya Moshi na Arusha hufurika mabinti na mizigo yao. Godoro limekazwa kwa kamba, tranka lina kufuli, ndoo imejaa sabuni na ufagio wa chelewa umechomekwa pembeni. Mzazi kabana rimu ya karatasi kwapani huku konda akiuliza, "Hivi vyote ni vya mtu mmoja?" Mkoani Kilimanjaro, shule ya wasichana ya Kanisa Katoliki haiko mbali na popote. Wenyeji husema tu, "Anasoma kwa masista." Sasa sogea karibu, kwa sababu nyuma ya hayo mageti kuna mambo ya kushika kichwa.

Pointi 7 zinashinda pointi 30

Katika matokeo ya kidato cha nne, mwenye pointi chache ndiye bingwa. Huhesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, na kila A ni pointi 1. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, na ukigonga 26 umeshaangukia daraja la nne. Kidato cha sita huhesabiwa masomo matatu ya tahasusi, iwe PCB, HKL au EGM, kwa hiyo kilele chake ni "wani ya tatu". Binti akikupigia simu akilia kwa furaha, "Mama, nimepata wani ya saba!", usimuulize kwa nini hakufikisha kumi. Tangu 2023, Baraza la Mitihani, NECTA, limeacha kutangaza shule kumi bora, orodha ambayo shule za wasichana za Kanisa, kama St. Francis ya Mbeya, zilishaizoea.

Shule ina jina la msichana ambaye hakusoma

Mjini Moshi kuna sekondari ya St. Mary Goreti. Maria Goretti mwenyewe, mtoto wa wakulima maskini wa Italia, hakupata shule: mama akienda shambani, yeye alibaki akipika na kulea wadogo zake. Aliuawa mwaka 1902 akiwa na miaka 11, umri wa mtoto wa darasa la tano au la sita, na kabla ya kukata roho alimsamehe aliyemchoma kisu. Papa Pius XII alipomtangaza mtakatifu mwaka 1950, mama yake mzazi, Assunta, alikuwa hai na alishuhudia. Watakatifu wengi hutangazwa karne nyingi baada ya wazazi wao kufa. Leo jina la binti asiyejua kusoma limo kwenye madaftari ya mamia ya wasichana wanaosoma fizikia.

Kahawa na darasa vilikuja kwa njia moja

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda kutoka Bagamoyo na kuanzisha misheni ya Kilema, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kabla karne haijaisha, misheni hiyo ilikuwa na miche ya kahawa ya arabika yenye asili ya kisiwa cha Réunion, na pembeni yake watoto wakifundishwa kusoma. Kahawa ikatoka misheni ikaingia vihambani, ikakaa chini ya migomba, na mwaka 1933 wakulima wakawa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Kwa vizazi kadhaa, malipo ya kahawa ndiyo yaliyokuwa ada ya shule. Ukimwona bibi wa Kichaga anasifu mti wa kahawa kwa heshima, ujue huenda huo mti umesomesha ukoo mzima.

Makande ni somo la kemia

Chakula kinacholalamikiwa sana bwenini ni mojawapo ya vyakula vyenye akili kuliko vyote. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, kijenzi ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage yamejaa lisini, lakini yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Vikichemka kwenye sufuria moja, kila kimoja kinamlipia mwenzake deni. Wapare, Wasambaa na Wachaga walikuwa wameshalipata jibu kwa ulimi kabla maabara hazijalipata kwa vipimo. Haya, nani anarudisha sahani?

Weruweru ilianzia mikononi mwa Kanisa

Toka Kwa Sadala kuelekea Moshi, utavuka mto Kikafu kisha mto Weruweru. Shule maarufu ya serikali yenye jina la mto huo wa pili ilianza kama Assumpta College, shule ya Kikatoliki ya wasichana. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ndiyo iliyoipa serikali mamlaka ya kuchukua shule za mashirika, na majina mengi yakabadilika. Hapo Weruweru akaja Maria Kamm, Mama Kamm, mkuu wa shule aliyekaa kwenye kiti hicho kwa zaidi ya miaka 20, akiwataka wasichana washike kalamu na jembe kwa bidii ileile. Miongoni mwa waliopita Weruweru ni Asha-Rose Migiro, ambaye mwaka 2007 alikuwa mtu wa kwanza kutoka Afrika kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.

Kutoka Ukerewe hadi Beijing, kupitia kwa masista

Mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, uliofanyika Beijing mwaka 1995, ulikuwa na Katibu Mkuu Mtanzania aliyelelewa na masista. Gertrude Mongella alizaliwa mwaka 1945 kisiwani Ukerewe, akavuka ziwa akiwa bado binti mdogo kwenda kusoma Marian College ya Morogoro, iliyokuwa ya masista wa Maryknoll kutoka Marekani. Shule hiyo leo inaitwa Kilakala. Mwaka 2004 akawa rais wa kwanza wa Bunge la Afrika, na mpaka leo wengi humwita Mama Beijing. Kwa msichana anayelia kwenye basi kwa sababu nyumbani ni mbali, hiyo ni habari ya kumfuta machozi.

Mwanzilishi aliandika kwa maji ya limau

Masista wa Loreto waliofungua shule za Msongari na Limuru nchini Kenya wanamhesabu Mary Ward kuwa chimbuko lao. Mwingereza huyu, aliyezaliwa mwaka 1585, alitaka masista watoke nje ya kuta za monasteri wakafundishe wasichana. Wakubwa waliona huo ni ukaidi: mwaka 1631 Papa Urban VIII alilivunja shirika lake, naye akafungiwa kwenye monasteri mjini München. Akiwa humo aliwaandikia wenzake kwa maji ya limau kwenye karatasi za kufungia vitu. Karatasi ikipashwa moto, maandishi yanajitokeza. Mwaka 2009 Papa Benedict XVI alimtangaza kuwa Mtumishi Mheshimiwa wa Mungu. Matroni mnaokagua barua za wanafunzi, mmeona mlipoachwa?

Kufunika daftari kunashinda kulirudia

Mwaka 2006, watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Wapo walioisoma tena, na wapo walioifunika na kujaribu kuikumbuka. Wiki moja baadaye, waliojijaribu walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Maana yake, wale wanaokaa usiku kwenye prepo wakiulizana maswali wanapiga msuli wenye faida kuliko anayepaka rangi kila mstari wa notsi. Na ukishajijaribu, lala: wataalamu wanashauri kijana wa umri wa sekondari apate usingizi wa saa 8 hadi 10, na ni usingizini ubongo hupanga yaliyosomwa mchana. Anayekesha kuelekea mtihani anajipunguzia mwenyewe.

Mwanabaiolojia wa Limuru aliyebadili sura ya nchi

Mwafrika wa kwanza mwanamke kupata Tuzo ya Amani ya Nobel alipita mikononi mwa masista mara tatu. Wangari Maathai alilala bweni kwa masista wa Consolata huko Mathari, Nyeri. Akamaliza sekondari Loreto Limuru mwaka 1959. Kisha akasoma baiolojia kwa masista Wabenedikto katika chuo cha Mount St. Scholastica, Kansas, Marekani. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, na mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement. Alipotunukiwa Nobel mwaka 2004, wanawake wa vijijini aliowahamasisha walikuwa wameshapanda miti zaidi ya milioni 30. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba mapenzi yake ya sayansi yaliwashwa na mwalimu mmoja, sista wa Limuru, aliyekuwa akimwita aje waoshe pamoja vyombo vya maabara. Walimu wa baiolojia, mmesikia? Kesho msioshe peke yenu.