Kredo ya mia: Ronge hurudishiwa senti ngapi?

Ukiweka kredo ya shilingi 100 huko Ronge, kwenye milima ya Taita, kampuni ya simu hubaki na takriban shilingi 75. Zilizosalia ni za serikali: ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, kisha VAT ya asilimia 16 inayotozwa hata juu ya ushuru huo. Kwenye zile 75, kampuni hutoa nusu ya asilimia moja kwa hazina ya mawasiliano kwa wote, USF. Hizo ni senti 37 hivi.

Hazina hiyo iliundwa kwa sheria ya 2009 ili simu na intaneti zifike mahali ambapo biashara haioni faida. Mwaka huohuo nyaya za baharini za Seacom na TEAMS zilitua Mombasa, na faiba inayokwenda Nairobi hupitia mji wa Voi. Kwa hiyo intaneti ya bei nafuu imefika hadi chini ya milima ya Taita. Kuipandisha mlimani ndiko ghali. Mnara ukisimama upande huu wa mlima, bonde la upande wa pili halinasi kitu. Kila bonde linadai mnara wake, na mnara unadai barabara ya kupandishia vyuma, umeme, betri na mlinzi, ilhali wateja ni wakulima wa mboga na ndizi, kaya moja hapa, nyingine kule.

Mamlaka ya Mawasiliano (CA) imejitahidi. Ada ambayo kampuni hulipana mteja anapopigia mtandao mwingine ilikuwa shilingi 4.42 kwa dakika kabla ya Agosti 2010. Ilishuka hadi senti 99 mwaka 2014, senti 58 Agosti 2022, na senti 41 Machi 2024. Nafuu hiyo humfaa zaidi mwenye mitandao kadhaa ya kuchagua. Pale ambapo ni mmoja tu unaoshika vizuri, ushindani ni wa jina. USF nayo ilianza na kandarasi za kata ndogo 78 kote nchini, nyingi zikiwa katika kaunti kame.

Lakini CA inasimamia senti. Shilingi ziko mikononi mwa Wizara ya Fedha na Bunge. Ushuru wa bidhaa kwenye huduma za simu za mkononi ulipanda kutoka asilimia 10 hadi 15 mwaka 2018, ukafika 20 mwaka 2021, ukarudi 15 mwaka 2023. Mjadala kila mara ulikuwa juu ya mapato, si juu ya minara.

Hesabu ya kuurekebisha ushuru huo si ngumu. Katika ile asilimia 15, moja tu ikielekezwa USF, hazina itapata senti 75 zaidi kwa kila kredo ya mia, jumla ikiwa karibu mara tatu ya inachopata sasa, na mteja hataongezewa hata ndururu.