Utangulizi: Namna ya Kusoma Kikokotoo

Tarehe 28 Desemba 2018, Rais John Magufuli alikutana Ikulu, Dar es Salaam, na viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wakuu wa mifuko ya hifadhi ya jamii. Mkutano ulipokwisha, kanuni mpya za mafao ya wastaafu, zilizokuwa na umri wa miezi michache tu, zilikuwa zimesitishwa hadi 2023. Tangu siku hiyo kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao hayo, kimetoka katika ofisi za watakwimu bima, kikaingia bungeni, kwenye sherehe za Mei Mosi na kwenye vyumba vya walimu.

Ajabu ni kwamba jambo linalozungumzwa na watu wengi kiasi hiki lina wasomaji wachache. Vitabu vya hifadhi ya jamii kwa Kiswahili vinahesabika, na sheria zenyewe kwa muda mrefu ziliandikwa kwa Kiingereza. Utangulizi huu unamkaribisha mwalimu, muuguzi, ofisa utumishi, kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi na mwanafunzi wa sheria au uchumi. Hesabu ya darasa la saba inatosha kuingilia. Hoja nitakayoishikilia ni moja: katika mjadala wa Tanzania tumebishana sana kuhusu asilimia ya mkupuo, yaani fedha anazolipwa mstaafu kwa mara moja, ilhali fedha nyingi ziliondoka kupitia namba mbili ambazo wachache walizitazama.

Tuanze na historia, kwa sababu kanuni za leo zimebeba madeni ya jana. Mifuko yetu ilizaliwa kwa nyakati na kwa makundi tofauti: wa watumishi wa serikali wasio na ajira ya kudumu, GEPF, mwaka 1942, wa serikali za mitaa mwaka 1944 (baadaye LAPF), wa mashirika ya umma, PPF, mwaka 1978. Watumishi wa serikali kuu wenye ajira ya kudumu hawakuwa wakichangia chochote; pensheni yao ilitoka moja kwa moja Hazina. Mfumo wa kuchangia uliwafikia Julai 1999, ulipoanza mfuko wa PSPF. Tatizo likazaliwa siku hiyohiyo. Mtumishi aliyeajiriwa 1975 na kustaafu 2005 alidai pensheni ya miaka thelathini kutoka mfuko uliopokea michango yake kwa miaka sita tu. Miaka mingine ilikuwa deni la Serikali, nalo halikulipwa kwa wakati. Ni Desemba 2021 tu ndipo Serikali ilipotoa hatifungani maalumu isiyo taslimu ya Sh trilioni 2.17 kupunguza deni hilo. Anayedhani kikokotoo kilibadilishwa kwa sababu wastaafu walikuwa wakipunjwa au wakipendelewa aanzie hapa, kwenye daftari la madeni.

Mwaka 2018 Bunge lilitunga Sheria Namba 2, na kuanzia Agosti mwaka huo PSPF, LAPF, GEPF na PPF zikawa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF. Mtumishi huchangia asilimia 5 ya mshahara, mwajiri asilimia 15. Mfuko mwingine, NSSF, ukaachiwa sekta binafsi. Kuunganisha mifuko kulilazimisha swali ambalo lilikuwa limeahirishwa miaka mingi: je, watu wawili wenye mshahara na utumishi sawa walipwe tofauti kwa sababu tu mmoja alikuwa PSPF na mwenzake PPF?

Tofauti hiyo haikuwa ndogo. Kikokotoo kina namba tatu. Ya kwanza ni kigawanyo: miezi ya utumishi huzidishwa kwa mshahara wa mwaka, kisha hugawanywa kwa 540 au 580, na jibu ndilo pensheni kamili ya mwaka. Ya pili ni asilimia ya pensheni hiyo inayolipwa mapema kwa mkupuo. Ya tatu ni kizidisho, yaani idadi ya miaka ambayo sehemu hiyo inalipiwa mapema. PSPF na LAPF zilitumia 540, asilimia 50 na 15.5. Kanuni za 2018 zilitaka wote watumie 580, asilimia 25 na 12.5, kama ilivyokuwa kwa PPF.

Tuchukue mtumishi aliyefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, na mshahara unaotumika katika hesabu ni Sh milioni 1 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, pensheni yake kamili ni Sh milioni 8 kwa mwaka. Nusu yake ikizidishwa kwa 15.5 inampa mkupuo wa Sh milioni 62, na nusu iliyobaki inampa Sh 333,333 kila mwezi. Kwa kanuni za 2018, mkupuo unashuka hadi Sh milioni 23.3 na pensheni ya mwezi inapanda hadi Sh 465,517. Hapo ndipo kilio kilipoanzia, na ni rahisi kuona kwa nini.

Sasa tujaribu jambo ambalo halikufanywa hadharani mara nyingi. Tuache asilimia ibaki 50 kama zamani, tubadili namba nyingine mbili tu. Mkupuo unakuwa Sh milioni 46.6 na pensheni ya mwezi Sh 310,345. Vyote viwili vimeshuka, na asilimia haijaguswa. Somo lake ni hili: asilimia huamua utalipwa lini, lakini kigawanyo na kizidisho huamua utalipwa kiasi gani. Anayedai asilimia irudi 50 bila kutaja 540 na 15.5 anadai kupewa mapema fungu ambalo tayari limepunguzwa.

Kabla 2023 haijafika, Julai 2022 kilianza kikokotoo cha maridhiano: 580, 12.5 na mkupuo wa asilimia 33. Mtumishi wetu hapo hupata Sh milioni 30.7 na pensheni ya Sh 415,862. Bajeti ya 2024/25 ikapandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani, na asilimia 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Kwa asilimia 40, mkupuo ni Sh milioni 37.2 na pensheni ni Sh 372,414. Nyongeza ya Sh milioni 6.5 mkononi imegharimu Sh 43,448 kila mwezi. Gawanya: ni miezi 150, yaani miaka 12.5 kamili, ambayo ndiyo kizidisho chenyewe. Anayestaafu akiwa na miaka 60 na kuvuka 72 na nusu amepata hasara kwa kuchukua zaidi mapema. Anayefariki kabla ya hapo amepata faida. Hesabu hiyo inadhani bei hazipandi. Zikipanda na pensheni ya mwezi isiongezwe, mizani inaelemea upande wa mkupuo. Kwa hiyo mstaafu anayetaka fedha zake mapema hafanyi ujinga. Huenda anaamini soko kuliko anavyoamini ahadi ya nyongeza.

Lakini haki ina upande wa pili. Ukilinganisha na PSPF ya zamani, mtumishi wetu chini ya kanuni ya 2022 angehitaji kuishi zaidi ya miaka 31 baada ya kustaafu ili pensheni ya mwezi ifidie mkupuo uliopungua. Ni punguzo halisi. Hata hivyo, mwanachama wa PPF aliishi na 580 hata kabla ya kanuni za 2018, na hakuna aliyeandamana kwa ajili yake.

Afya nayo ni sehemu ya mafao, ingawa mara nyingi husomwa peke yake. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ni ya 1999 na mfuko ulianza kazi 2001. Mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri huongeza asilimia 3, na anayestaafu huendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake. Katika bima hakuna kikokotoo, lakini kuna kitita cha mafao, na huko ndiko kanuni hubadilika bila kishindo: dawa ikiondolewa kwenye orodha, mchango unabaki uleule na haki imepungua. Kitita kipya kilipoanza Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama kwa sababu ya bei zilizopangwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inapanua uwanja huu hadi kwa mkulima na mama lishe.

Jirani zetu Kenya wamechukua njia nyingine. Tangu Januari 2021 watumishi wa umma wanachangia mfuko ambamo mwajiri huweka asilimia 15 na mtumishi hufikia asilimia 7.5, na mafao hutegemea akiba ya kila mmoja pamoja na faida ya uwekezaji. Hatari ambayo kwetu iko kwa mfuko, kwao imehamia kwa mtumishi. Kulinganisha njia hizi mbili ni moja ya kazi ambazo uwanja huu unawangoja vijana wazifanye.

Kwa hiyo, msomaji, kanuni nyingine ikitangazwa, usianze na asilimia iliyowekwa kwenye kichwa cha habari. Uliza kigawanyo ni kipi, kizidisho ni kipi, mshahara upi unatumika, pensheni itaongezwa kwa utaratibu gani bei zikipanda, na nani analipa deni la zamani. Kisha chukua kalamu ukokotoe ya kwako kabla hujashangilia au kulalamika.